Kaburi la Kuazima

Niragira alitoka mashineni bila unga. Wanaoijua foleni ya mashine ya kusaga pale Nyakariba siku ya Jumamosi wataelewa kwamba hilo halikuwa jambo dogo. Kaliacha debe lake la mahindi, kaiacha zamu aliyoisubiri tangu asubuhi, kakata katikati ya migomba ya watu mpaka kwake, na kitenge kilichomdondoka begani hakukiokota. Mwanawe Idefonsi alikuwa amekaa kizingitini, kikombe cha chai ya rangi mkononi na kompyuta mapajani. Alipomwona mama yake anakuja akasimama ampokee mzigo, lakini mzigo wenyewe haukuwepo.

"Idefonsi."

"Naam, mama."

"Sauti yangu imefikaje kwenye simu ya Bizimana wa mashine?"

Kijana wa watu! Chai ilimmwagikia mguuni na wala hakuisikia.

"Nimesimama kwenye foleni," mama akaendelea, "nasikia mtu anaongea kama mimi. Nikageuka nimwone nani ananiigiza. Kumbe ni simu ya Bizimana, kaiweka juu ya gunia anaibonyeza. Kila akibonyeza nasema, 'Babu yangu huyu hapa, amerara.' Watu wanacheka. Anabonyeza tena, nasema tena. Adelfina kanishika mkono ananiambia, mama Idefonsi, siku hizi umekuwa msanii na hata hutuambii. Nikacheka na mimi. Nimecheka nao, mwanangu, na sijui nacheka nini."

"Ni gemu, mama."

"Ni nini?"

"Mchezo wa kwenye simu. Tumeutengeneza mimi na Anneth."

"Na mimi nimo."

"Sauti tu."

"Sauti tu," Niragira akarudia polepole, kisha akaketi chini pale pale, miguu kainyoosha mbele yake kama mtu aliyefika kutoka safari ndefu.

Mchezo wenyewe uliitwa Mlango wa Saba. Mwanamke mwenye bahasha ya kaki anatoka mlango hadi mlango akitafuta kitambulisho cha taifa: kwa balozi wa nyumba kumi, kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa mtendaji, mpaka wilayani. Kila mlango anaulizwa maswali, na kila akijibu vibaya, mstari mwekundu ulioandikwa Heshima unapungua. Mlango wa nne ndio uliowafurahisha watu. Hapo wazee wanamwambia mama yule, haya, tuonyeshe kaburi la babu yako. Mchezaji anapewa vitufe vitatu: Lia, Sema Kweli, Azima Kaburi. Akisema kweli anavushwa mto kurudishwa ng'ambo, na mchezo unaishia hapo. Akiazima kaburi anapita. Mwezi wa tatu Idefonsi na Anneth waliupeleka Dar es Salaam kwenye maonyesho ya watengeneza magemu wasio na kampuni, wakapigiwa makofi. Wakahojiwa redioni. Mtu mmoja mwenye miwani akawaambia kuwa ile ndiyo siasa ya kweli, siasa isiyohitaji jukwaa. Idefonsi alirudi Ngara amevimba kichwa.

Ila hakuyabuni. Niragira alivushwa mto Ruvuvu, kutoka nchi ya ng'ambo, mgongoni mwa mama yake wakikimbia mauaji ya mwaka sabini na mbili, hajaota hata meno. Huku kwetu wafu huzikwa mashambani, katikati ya migomba, kwa hiyo mtu akitaka kukupima kama wewe ni wa hapa hakuulizi umezaliwa lini. Anakuuliza wazee wako wamelala wapi. Miaka minane iliyopita kamati ya vitambulisho ilipomuuliza Niragira swali hilo, jirani yake, bibi Deodata, alimshika mkono akampeleka kwenye kaburi la mzee Rwekaza, baba mkwe wake yeye Deodata, akawaambia wazee wa kamati: huyu ni mjukuu wa marehemu kwa mke mdogo. Niragira akasema lile neno lake. Kamati ikaandika, kitambulisho kikatoka. Kwa kitambulisho hicho alisajili laini ya simu, akaandikishwa mbolea ya ruzuku, akapiga kura, na robo tatu ya eka aliyoilima miaka thelathini ikaandikwa jina lake.

Mwaka jana, siku moja wakichambua maharage, Idefonsi aliweka simu kati yao. "Hebu simulia, mama, nikuwekee kumbukumbu." Naye akasimulia yote, kwa kujiachia, kwa vichekesho vyake, na zile r zake zinazokaa mahali pa l kama kawaida ya watu wengi wa huku. Mengine yote anayosema humu nayaandika kama shule inavyotaka, maana amechekwa vya kutosha.

Idefonsi alikuwa na majibu mengi. Angeweza kusema kwamba alifanya kwa ajili yake, na kwa wote wanaosumbuliwa kama yeye, na usingekuwa uongo. Lakini kuna jambo lilimzuia. Siku alipomsikilizisha Anneth ile sauti kwa mara ya kwanza, walipofika kwenye "amerara" walicheka wote wawili mpaka machozi, na ndiyo maana akaiacha ibaki mchezoni. Alijua itachekesha. Aliihitaji ichekeshe.

Jioni ile balozi akaleta barua. Niragira hakusoma zaidi ya darasa la pili, akampa mwanawe amsomee.

"Unatakiwa kufika ofisi ya kijiji Jumatano saa nne asubuhi," Idefonsi akasoma, "ukiwa na kitambulisho chako halisi, kwa ajili ya uhakiki. Nakala kwa bibi Deodata."

"Umeruka."

"Sijaruka, mama."

"Macho yameshuka mistari minne, mdomo umesoma miwili. Soma."

Akaurudia mstari alioruka. "Hii ni kufuatia taarifa zilizosambaa kupitia mchezo wa simu uliotengenezwa na mwanao."

Mama yake akaichukua barua, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya blauzi yake. Afadhali angetukana.

*

Asubuhi ya Jumapili Idefonsi hakwenda kanisani. Alipanda pikipiki hadi Nyamiaga, kwenye chumba cha nyuma ya saluni alichopanga na Anneth kwa sababu umeme wake haukatiki ovyo. Anneth alikuwa mjukuu wa bibi Deodata, na ndiye aliyechora kila kitu kwenye mchezo, kuanzia bahasha ya kaki mpaka meno ya mtendaji. Alimkuta ameinamia kompyuta, macho mekundu.

"Nimeshauondoa dukani, kule mtandaoni," Anneth akasema bila salamu. "Tangu saa kumi na moja alfajiri. Haupo tena."

"Afadhali."

"Afadhali nini? Fungua simu yako uone. Wanarushiana simu kwa simu. Dereva wa wilayani, mtu wa Ntobeye, huku huku kwetu, ndiye aliyeitambua sauti ya mama yako, akawaambia ofisi nzima. Wameucheza wote. Mmoja kaniandikia, dada hongera, mlango wa nne umetuua mbavu."

Idefonsi akakaa kitandani. Ukutani walikuwa wamebandika cheti cha maonyesho, na kando yake mchoro mkubwa wa kaburi lile: saruji iliyopasuka upande mmoja, msalaba uliokatika mkono wa kushoto, mgomba umeinama juu yake. Alitamani kuubandua. Akaona aibu kuubandua mbele ya Anneth.

"Bibi kanipigia," Anneth akasema. "Hakunigombeza. Kaniuliza swali moja tu. Ule msalaba niliuchora kwa kukumbuka, au nilikwenda kuutazama? Nikamwambia nilikwenda, nikakaa saa nzima na daftari langu, na yeye akaniletea togwa akidhani nimekwenda kumwombea babu. Akasema haya, akakata simu."

"Sasa tufanyeje?"

"Nilikwambia tumtafute mtu mwingine aigize sauti."

"Ulisema baada ya kucheka."

"Lakini nilisema!" Anneth akapaza sauti, na mashine ya kukaushia nywele kule saluni ikazimwa ghafla, wateja wapate kusikia. Akashusha sauti. "Nilisema, Ide. Ukaniambia ukweli ndio unaouma, tukiigiza watu hawataumia. Haya, tumeumia."

Baadaye Idefonsi akasema, kama mtu anayejaribu kiatu, "Nitakana. Nitawaambia si sauti ya mama. Ni mwanamke tuliyemrekodi huko Biharamulo, mnadani, wala jina lake hatulijui. Na kaburi umelibuni."

"Na redioni ulisemaje?"

Alikumbuka vizuri. Kwa sauti ya kujiamini, huku mtangazaji akiitikia kwa kicheko, alisema kwamba ndani ya mchezo wao hakuna kilichobuniwa: kila sauti na kila kaburi ni vya kweli, vya kijijini kwao. Alilirudia neno hilo mara mbili.

"Hawawezi kuikumbuka redio," akasema.



*

Jumatatu alikwenda kwa bibi Deodata. Hakumwambia mama yake anakwenda. Alipita njia ya juu, ya kuzunguka, ingawa kati ya nyumba hizo mbili pana mtaro mmoja tu wa kuruka.

Deodata alikuwa uani anapepeta maharage kwenye ungo, mwembamba, amefunga rozari mkononi kama saa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Kaa. Si hapo, hapo pana upupu. Kaa hapa."

Ukarimu ule ulimwuma kuliko kofi. Akaketi, akaanza kuokota maharage mabovu, maana mikono ilihitaji kazi. Alikuwa amepanga maneno njiani, na yote yakayeyuka. Mtu aliyesimama mbele ya watu Dar es Salaam akasema wananchi wamechoka kulazimishwa kusema uongo, huyo sasa amekuja kumwomba bibi wa miaka sabini na nane aseme uongo kwa mara ya pili.

"Bibi, kesho kutwa wakikuuliza..."

"Nitawaambia yale yale."

"Nashukuru."

"Ngoja kwanza, usishukuru." Deodata akaupepeta ungo, makapi yakaruka. "Ile mara ya kwanza niliungama kwa padri. Padri wa zamani, yule aliyehamishwa. Akaniuliza, unajuta? Nikamwambia Baba, kusema kweli sijuti, yule ni mwanangu, alinilimia miaka miwili nilipovunjika nyonga. Akaniambia basi Mungu anajua, ila usirudie kumwapia marehemu. Nikamwahidi." Akaweka ungo chini. "Hiyo ahadi ndiyo unayokuja kuichukua."

"Nisamehe, bibi."

"Mimi sina neno na wewe. Wewe na Anneth ni watoto. Nilicheza na mimi, unajua? Anneth aliniletea simu hapa, kabla haujatoka. Nikaona mwanamke anatembea na bahasha. Nikasema mzuri. Hakunionyesha huko mbele." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nenda nyumbani. Jumatano nitavaa kitenge changu cha Pasaka, nitaapa."

Alipotoka, mguu ukampeleka kwenye migomba. Kaburi la mzee Rwekaza lilikuwa limefagiliwa. Pembeni, kwenye udongo, alama za viatu vya watu waliokuja kulitazama, pakiti tupu ya biskuti, na ganda la chungwa. Vijana walikuwa wamekuja kupiga nalo picha. Idefonsi akaokota pakiti ile na lile ganda akavitia mfukoni, akaenda zake kama mwizi.

*

Jumatano ofisi ya kijiji ilijaa. Uhakiki ulipaswa kuwa wa faragha, lakini mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto, na dirishani vilijazana vichwa. Mtendaji, bwana Ansbert, kijana mwenye shati lililopigwa pasi, kila siku akikutana na Niragira njiani husimamisha pikipiki amwamkie. Leo hakumwamkia.

"Wewe mama, kaa pale kwenye benchi. Hapana, mwisho. Hapa wanakaa wajumbe."

Niragira akasogea mwisho wa benchi. Alikuwa amekuja na kitambulisho chake kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya leso, ndani ya mfuko mwingine. Wilayani walimleta ofisa mmoja, dada Joan, mpole wa sauti, mwenye faili na chupa ya maji. Mpole wa kweli, na hilo lilizidi kuwatia hofu.

"Mama, hatujaja kumwonea mtu," Joan akasema. "Tunataka kupata uhakika tu. Bwana Ansbert, tuwekee ile."

Ansbert akaweka simu mezani, akabonyeza. Hakuhitaji kuutafuta mlango wa nne, alikuwa ameuhifadhi hapo hapo. "Babu yangu huyu hapa, amerara." Dirishani watu wakapasuka kicheko. Joan akawatazama wakanyamaza, lakini mmoja kicheko kilimtoka puani. Niragira alikuwa anatazama mikono yake.

"Idefonsi ni wewe?" Joan akauliza. "Simama. Hii ni sauti ya mama yako?"

Akasimama. Alihisi macho ya kijiji kizima yakimtambaa mgongoni. Marehemu baba yake alikuwa Mhangaza, mwenyeji wa Nyamiaga, na jina la baba lilimtosha yeye kila ofisi aliyoingia. Hakuna kamati iliyowahi kumuuliza kaburi. Yeye angetoka humu ndani akiwa vile vile alivyoingia, hata aseme nini. Mama yake hakufunga ndoa ya cheti na mzee yule, na hakuna alichomrithi zaidi ya mtoto.

"Siyo," akasema.

"Siyo sauti ya mama yako?"

"Siyo yeye. Ni mwanamke mwingine, simjui jina. Wa Biharamulo."

"Idefonsi," Ansbert akasema akitabasamu, "si ni wewe uliyesema redioni kwamba kila sauti ni ya kijijini kwetu?"

"Yalikuwa maneno ya kunogesha. Mchezo ni wa kubuni. Ni upuuzi tu. Ni wa kuchekesha watoto." Akajisikia akiendelea, na hakuweza kujizuia. "Hata yule mwanamke wa kwenye mchezo hana akili, ndivyo tulivyomtengeneza, mjinga mjinga hivi, mtu wa kuchekwa. Mama yangu si mtu wa namna hiyo."

Niragira akainua kichwa, akamtazama mwanawe. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyejisaidia hadharani, na mama yake yuko mbali hawezi kumfikia. Idefonsi akaketi.

"Bibi Deodata," Joan akasema.

Bibi akasimama kwa kushikilia meza. Kweli alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka. "Mimi hapa."

"Mwaka ule ulisema marehemu Rwekaza ni babu wa huyu mama. Bado unasema hivyo?"

"Bado."

"Uko tayari kwenda na sisi kaburini, uyaseme pale pale, uapie?"

Shanga za rozari mkononi mwa Deodata zikaanza kugonga mbao za meza. Kila mtu aliyekuwa mle ndani aliusikia ule mlio. "Niko tayari," bibi akasema. "Twendeni. Nipeni tu mtu wa kunishika, nyonga hii."

Wajumbe wakaanza kuinuka. Joan akafunga faili. Ndipo Niragira akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeomba chumvi:

"Kaa, mama. Keti."

"Nyamaza wewe," Deodata akamkemea.

"Sinyamazi. Umenibeba miaka minane, inatosha." Akageukia meza. "Dada, sauti ni yangu. Kaburi siyo langu. Huyu bibi alinihurumia, kama kuna kosa ni langu mimi niliyekubali. Mnaweza kuandika."

"Mama!" Idefonsi akaruka juu.

"Na wewe keti. Umeshasema yako."

Deodata alikuwa analia sasa, waziwazi, bila kujifuta, na hakuna aliyejua kama analia kwa huzuni au kwa kuponyoka. Dirishani hakuna aliyecheka. Bizimana wa mashine aliondoka akiwa ameinamisha kichwa. Joan aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza, akanyoosha mkono juu ya meza, na Niragira akafungua mfuko wa kwanza, na leso, na mfuko wa pili, akakitoa kitambulisho. Kabla ya kukitoa mkononi alikifuta kwa kidole gumba, mahali palipo na picha yake.

"Utapewa fomu ya maelezo binafsi," Joan akasema kwa upole wake ule ule. "Ujaze, uirudishe baada ya siku saba. Uanze kama mkazi mhamiaji. Wapo waliopata kwa njia hiyo. Inachukua muda. Kwa sasa hutakiwi kutoka nje ya kata bila barua."

"Na shamba?"

Joan akamtazama Ansbert. Ansbert akatazama dirishani. "Shamba," akasema, "litasubiri uamuzi."

*

Siku mbili fomu ilikaa juu ya kabati na hakuna aliyeigusa. Niragira aliamka, akapalilia, akapika, akala. Debe lake la mahindi lililokuwa mashineni, Bizimana alilisaga akalileta mwenyewe mpaka mlangoni, hakutaka malipo. Anneth aliandika ujumbe mara tano. Aliandika kwamba Dar es Salaam wanauliza kwa nini mchezo umeondolewa, kwamba mtu fulani amewaambia yaliyotokea ndiyo habari yenyewe, watu watawaunga mkono, wasimulie tu. Idefonsi aliusoma ujumbe huo amekaa chooni, mahali pekee alipoweza kukaa asionwe na mama yake. Hakuujibu.

Ijumaa mchana Niragira akaweka fomu mezani, na kalamu.

"Njoo uandike."

"Mama, Anneth ana mwandiko mzuri zaidi. Au mwalimu wa..."

"Nani mwingine asikie? Njoo."

Akaja. Fomu ilikuwa ya kurasa sita, yenye vistari vifupi na namba. Jina kamili. Jina la baba. Jina la mama. Mwaka wa kuingia nchini. Alikopita. Mama yake alijibu moja baada ya jingine, bila kufikiri sana, na Idefonsi akaandika kwa herufi kubwa kama fomu ilivyotaka. Kila alipomaliza mstari alimsomea, na yeye akaitikia kwa kichwa.

"Namba kumi na nne," Idefonsi akasoma. "Babu mzaa baba. Jina, mahali alipozaliwa, mahali alipozikwa."

Nje kuku walikuwa wanachakura.

"Jina Habonimana. Alizaliwa ng'ambo, kilima cha Rugari. Hayo aliniambia mama yangu."

Akaandika. Kalamu ikafika kwenye kistari cha tatu, ikangoja. Kistari chenyewe hakikuzidi urefu wa kidole.

"Hiyo nyingine sikukusimulia ile siku ya maharage," mama akasema. "Ile siku ilikuwa ya kuchekesha. Hii haichekeshi. Tulikuwa tunakimbia, watu wengi. Babu alikuwa mzee, hawezi kukimbia. Baba yangu alimbeba mpaka mtoni. Mtumbwi ulikuwa mmoja na mwenye mtumbwi akasema, mzee au mtoto. Mtoto nilikuwa mimi." Akanyoosha kitenge magotini, kwa makini, mpaka mkunjo wote ukaisha. "Wakamkalisha kwenye nyasi, wakampa kibuyu cha maji. Baba yangu alisema atarudi kesho yake kumchukua. Alirudi. Hakukuta mzee wala kibuyu."

Idefonsi hakuthubutu kuinua macho. Kichwani mwake, na hili hakumwambia mtu yeyote mpaka leo, alikuwa ameshaanza kuiona: mto, nyasi, mtumbwi mmoja, vitufe viwili. Mzee. Mtoto. Akaona jinsi Anneth atakavyochora kibuyu. Akajichukia kwa chuki ambayo hakuwahi kumchukia nayo mtu, na bado aliendelea kuiona.

"Niandike nini, mama?"

Mama yake alikuwa anamtazama mkono, siyo uso. Alikuwa anaitazama ncha ya kalamu.

"Andika, hakuzikwa."

Akaandika.

"Soma."

"Hakuzikwa."

"Basi. Hapo hapo ishie," Niragira akasema. "Usiongeze kitu."